Sola ya Nyumbani Bila Majuto: Somo la Kuchagua Paneli na Betri, kwa Mfano wa Nyumba ya Kabiria

Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2023, karibu Kenya nzima iliingia gizani kwa pamoja. Hata uwanja wa ndege wa JKIA ulikaa bila stima kwa muda. Kwa wengi wetu ilikuwa habari kubwa ya siku hiyo. Lakini kwa mtu anayeishi Kabiria, Waithaka, Ngando au Kawangware, stima kupotea saa moja jioni si habari. Unawasha mshumaa au tochi ya simu, unamalizia kupika, unangoja.

Shida ni kwamba kungoja kuna bei yake. Kuna mama anayeshona sare za shule nyumbani, na Januari haimngoji. Kuna kijana anayefanya kazi ya mtandaoni, na mteja wake ng'ambo hajui Kabiria iko wapi. Ndiyo maana siku hizi wateja wetu wengi wanatuuliza swali moja: "Nataka kununua sola. Ninunue gani, na nilipe vipi nisiliwe pesa?"

Sisi hatuuzi sola. Kazi yetu ni kuhakikisha pesa yako inafika unakotaka ifike. Lakini tumeona kwamba mtu akishalipia kitu kibaya, hata malipo yakipita salama kabisa, bado amepoteza. Kwa hivyo somo la leo lina nusu mbili. Kwanza tutajifunza kupiga hesabu ya paneli na betri, kisha tutajifunza kulipa kwa akili. Shika kalamu na karatasi.

Hatua ya 1: Andika unachotumia

Watu wengi huanza dukani. Wanafika Luthuli Avenue, wanauliza "sola ya nyumba ni ngapi?", na muuzaji anawauliza "una pesa ngapi?" Hapo mazungumzo yameshaharibika. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Anza nyumbani, na daftari.

Kuna maneno mawili tu ya kuelewa. Wati ni nguvu ambayo kifaa kinavuta kikiwa kimewaka, na imeandikwa nyuma ya kifaa au kwenye chaja yake. Wati-saa ni nguvu hiyo ukiizidisha kwa saa ambazo kifaa kinawaka. Balbu ya wati 7 ikiwaka saa 5 imekula wati-saa 35. Uniti moja ya tokeni unazonunua kwa simu ni wati-saa 1,000. Basi.

Tuchukue mfano. Mama wa Kabiria, fundi wa nguo, ana vyumba viwili na cherehani ya mota. Orodha yake ya siku moja iko hivi:

- Balbu 5 za LED, wati 7 kila moja, saa 5: wati-saa 175
- Televisheni ya inchi 32, wati 50, saa 4: wati-saa 200
- Dekoda, wati 12, saa 4: wati-saa 48
- Kifaa cha Wi-Fi, wati 10, saa 24: wati-saa 240
- Simu 4, kila moja kama wati-saa 15: wati-saa 60
- Mota ya cherehani, wati 100, saa 3 za kushona: wati-saa 300

Jumla ni wati-saa 1,023 kwa siku, yaani uniti moja na kidogo.

Angalia kitu kimoja cha kushangaza. Wi-Fi, kale kasanduku kadogo pale ukutani, kanakula zaidi ya televisheni kwa sababu hakalali. Ndiyo faida ya kuandika. Macho yanaangalia ukubwa wa kifaa, lakini betri inahesabu muda.

Angalia pia kile ambacho hakipo kwenye orodha: pasi. Fundi wa nguo hawezi kuishi bila pasi, lakini pasi ya stima inavuta wati 1,000 au zaidi. Nusu saa ya kupiga pasi ni wati-saa 500, karibu nusu ya matumizi yake yote ya siku. Koili ya kupikia, birika ya stima na shawa ya maji moto ni za ukoo huohuo. Shawa peke yake inaweza kuvuta wati 3,500 hadi zaidi ya 5,000. Kila kitu kinachotengeneza joto kiache kwa stima ya kawaida au gesi. Mama wetu atapiga pasi stima ikiwepo, na siku ya dharura pasi ya makaa bado ipo. Ukimlazimisha kuweka pasi kwenye sola, bei ya mfumo inapanda sana kwa ajili ya kifaa kimoja.

Na friji? Friji ndogo inazima na kuwaka yenyewe, kwa hivyo kwa siku inaweza kula karibu kama nyumba hii nzima. Ukiitaka, piga hesabu yake kando na ujue mfumo utakua mara mbili hivi.

Hatua ya 2: Kutoka daftari hadi paneli

Si kila wati inayotoka kwenye paneli inafika kwenye balbu. Nyingine inapotea njiani: kwenye waya, kwenye betri, na ndani ya inverta, ambayo inakula kidogo hata kama hujawasha kitu. Ongeza asilimia 30 kwa hesabu yako.

1,023 mara 1.3 ni kama wati-saa 1,330.

Sasa, jua. Hapa Nairobi tuna jua zuri, lakini usipige hesabu kwa jua la Februari. Piga kwa jua la Julai, ule msimu wa baridi na mawingu ambapo unaweza kukaa siku tatu bila kuona kivuli chako. Siku ya aina hiyo, chukulia kwamba jua lote la siku ni sawa na saa 4 hivi za jua kali. Miezi mingine utapata zaidi, na hiyo itakuwa faida yako.

1,330 gawanya kwa 4 ni kama wati 333. Paneli haiuzwi kwa kipimo hicho kamili, na vumbi la barabara pamoja na joto la mabati vitapunguza kidogo. Mama wetu anunue paneli moja ya wati 400.

Hapa ndipo watu wanapigwa. Paneli inauzwa kwa karatasi iliyobandikwa nyuma, na karatasi inabandikwa na mtu yeyote. Lakini ukubwa haudanganyi. Jua la saa sita mchana, anga ikiwa safi, linaleta kama wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba, na paneli nzuri za siku hizi zinageuza kama asilimia 20 hivi kuwa stima. Yaani mita moja ya mraba inakupa karibu wati 200. Kwa hivyo paneli ya wati 400 lazima iwe na karibu mita 2 za mraba: ndefu kama mlango, na pana zaidi ya mlango kidogo. Ukiuziwa "wati 400" ya ukubwa wa meza ya kahawa, sema asante na uendelee na safari. Enda na futi ya fundi nguo dukani, haina aibu.

Paa lako linaona nini?

Kabiria inajengwa kila siku. Nyumba ya mabati jana, leo ni gorofa. Kabla ya kununua paneli, panda juu au mtume fundi aangalie paa lako saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri. Kuna kivuli cha gorofa la jirani? Mparachichi? Tangi la maji? Kivuli kinachofunika kipande kidogo tu cha paneli kinaweza kuiba sehemu kubwa ya nguvu, kwa sababu seli zake zimeunganishwa kama mnyororo. Uliza pia: ploti ya jirani iliyo wazi, kuna mtu ameanza kuchimba msingi? Kivuli cha mwaka kesho nacho ni kivuli.

Nairobi iko kusini kidogo ya ikweta, na Juni hadi Agosti jua linapita upande wa kaskazini. Kwa hivyo ukiweza, elekeza paneli kaskazini, na mwinamo mdogo wa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi. Paneli ya wati 400 ina uzito wa kilo 20 na kidogo. Fundi aifunge kwenye mbao au vyuma vya paa, si kwenye bati peke yake.

Hatua ya 3: Betri, mahali pesa nyingi inaenda

Paneli ikikaa vizuri inaweza kuishi miaka 20 na zaidi. Betri ndiyo inayokufa. Kwa hivyo hapa twende pole pole.

Kwanza tenga matumizi ya usiku. Mama wetu anatumia usiku: balbu 175, televisheni 200, dekoda 48, simu 60, Wi-Fi ya saa 14 ambayo ni 140, na cherehani saa moja ambayo ni 100. Jumla 723. Ongeza asilimia 30, inakuwa wati-saa 940.

Sasa kuna betri za aina mbili kubwa sokoni.

Betri za asidi, zikiwemo zinazoitwa jeli, ni za zamani na bei yake ya kuanzia ni ya chini. Lakini ukizitumia zaidi ya nusu kila usiku zinakufa haraka. Kwa hivyo betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ambayo ni wati-saa 1,200, inakupa 600 tu za kutumia. Haimfikishi mama wetu asubuhi. Anahitaji ya ampea-saa 200.

Betri za lithiamu, hasa zilizoandikwa LiFePO4, unaweza kutumia asilimia 80 bila wasiwasi. Ya volti 12.8 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,280, na asilimia 80 yake ni 1,024. Mama wetu anahitaji 940. Inatosha, na inabaki kidogo.

Kwa hivyo mama akiulizwa dukani "unataka ampea ngapi?", jibu linategemea aina ya betri: 200 za asidi au 100 za lithiamu. Mtu akikuambia "hii ya lithiamu ni ghali na ni ndogo", kumbuka hesabu hii.

Tulinganishe bei sasa. Hizi ni namba za mfano tu, wewe weka za duka lako. Tuseme betri ya asidi ya 200 ni shilingi 30,000 na ukiitumia kila usiku inaishi mizunguko 500, yaani kujaa na kuisha mara 500. Tuseme ya lithiamu ya 100 ni shilingi 40,000 na imeandikiwa mizunguko 3,000.

- Asidi: 30,000 gawanya kwa 500 ni shilingi 60 kwa usiku mmoja.
- Lithiamu: 40,000 gawanya kwa 3,000 ni shilingi 13 hivi kwa usiku mmoja.

Ile ya bei nafuu imekuwa ghali mara nne na zaidi. Hesabu hii moja, bei gawanya kwa mizunguko, ifanye kabla ya kununua betri yoyote. Na kama muuzaji hajui mizunguko ya betri anayoiuza, huyo hajui anauza nini.

Je, betri ya gari iliyotumika? Usijaribu. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ili injini iwake. Ukiifanya ilinde nyumba usiku kucha, utaizika mapema.

Kama vile paneli inapimwa kwa futi, betri inapimwa kwa kuibeba. Betri halali ya asidi ya ampea-saa 100 ina kilo karibu 30. Ya lithiamu ya kipimo hicho ina kilo 10 hadi 13 hivi. Ukiinua betri ya asidi iliyoandikwa 100 kwa mkono mmoja kama mfuko wa unga, ndani hakuna kilichoandikwa nje.

Hatua ya 4: Vile vitu vidogo vinavyochoma nyumba

Kontrola. Hiki ndicho kifaa kinachosimama kati ya paneli na betri ili betri isijae kupita kiasi. Kuna PWM na kuna MPPT. Paneli kubwa za wati 400 zina volti 30 na zaidi, na betri yako ina 12. PWM inaivuta paneli ishuke hadi volti ya betri, na hapo unaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu uliyolipia. Kwa paneli kubwa na betri ya volti 12, chukua MPPT, ya ampea 40. PWM ni ya paneli ndogo ambazo zimetengenezwa kwa volti 12. Hakikisha pia kontrola inakubali aina ya betri uliyonunua, maana lithiamu na asidi hazichajiwi sawasawa.

Inverta. Inageuza stima ya betri kuwa stima ya ukutani. Jumlisha wati za vitu vinavyoweza kuwaka kwa pamoja. Kwa mama wetu: balbu 35, televisheni 50, dekoda 12, Wi-Fi 10, chaja za simu kama 40, cherehani 100. Jumla ni 247. Mota ikianza kuzunguka inavuta zaidi kwa sekunde moja, kwa hivyo inverta ya wati 600 hadi 1,000 inamfaa. Chukua ile ya mawimbi safi, si ile ya mawimbi ya kukatakata, kwa sababu mota inanguruma na kupata joto kwenye ile ya pili. Uliza pia: inverta hii ikiwa haina mzigo inakula wati ngapi? Ikila 25, basi kwa siku imekula wati-saa 600 bila kufanya kazi, na hesabu yetu ya asilimia 30 imeharibika.

Waya na fyuzi. Wati 400 kwenye volti 12 ni ampea zaidi ya 30. Waya mwembamba wa balbu utapata moto. Fundi aweke waya mnene, fyuzi karibu na betri, na breka. Hii si sehemu ya kubana shilingi mia tano. Na betri ya asidi isikae chumba cha kulala, kwa sababu ikichaji inatoa hewa inayoweza kulipuka.

Na hili tunaliandika kwa herufi za moyoni: usichomeke inverta kwenye soketi ya ukutani ili "iwashe nyumba yote" wakati waya za nyumba bado zimeunganishwa na laini ya Kenya Power. Stima yako itarudi mtaani, na mfanyakazi aliye juu ya nguzo akidhani laini imekufa anaweza kufa yeye. Iwekwe swichi ya kubadilisha, stima au sola, zisikutane.

Kwa sababu hiyo, tafuta fundi mwenye leseni. Kanuni za sola zinataka fundi wa sola awe na leseni, na siku hizi zinatolewa na mamlaka ya nishati, EPRA. Ziko ngazi T1, T2 na T3, kuanzia mifumo midogo hadi mikubwa inayoungana na gridi. Mwombe namba yake ya leseni na uihakikishe na EPRA. Fundi mzuri hatakasirika.

Kama umepanga nyumba

Wengi wetu Kabiria ni wapangaji, na paa si letu. Kwanza ongea na mwenye ploti, na akikubali akuandikie hata kwa ujumbe wa simu kwamba paneli ni yako na utaondoka nayo. Maneno ya mdomo yanasahaulika siku ya kuhama.

Akikataa, bado una njia. Unaweza kununua betri na inverta yenye chaja, bila paneli. Stima ikiwepo inajaza betri, ikipotea betri inachukua kazi. Hii haitapunguza bili yako, lakini giza la jioni litakuwa limekwisha. Ukihamia mahali penye paa, unaongeza paneli.

Je, sola italipa gharama yake?

Tuseme ukweli. Mfumo wa mama wetu utamwokolea uniti 1 kwa siku, yaani 30 kwa mwezi. Chukua risiti yako ya tokeni, gawanya shilingi ulizolipa kwa uniti ulizopata. Tuseme umepata shilingi 28 kwa uniti. Uniti 30 ni shilingi 840 kwa mwezi. Kama mfumo wote umemgharimu shilingi 90,000, itachukua miezi 107 kurudisha pesa kwa tokeni peke yake. Hiyo ni karibu miaka tisa.

Kuna nyongeza. Aprili 2023 bei ya stima ya nyumbani iliwekewa ngazi: uniti hadi 30, kisha 31 hadi 100, kisha zaidi ya 100. Kwa ngazi hizo, aliyekuwa anatumia 120 akashuka hadi 90 anahamia ngazi ya bei ya chini, na hapo anaokoa zaidi. Lakini bado, mtu akikuambia mfumo wa taa na televisheni "utajilipa kwa mwaka mmoja", anakuuzia ndoto.

Kwa hivyo swali lako liwe lingine: giza linanigharimu ngapi? Mama wetu akipoteza jioni nne kwa mwezi, na kila jioni angeshona nguo mbili, yeye anajua faida ya nguo nane ni ngapi. Aiandike karibu na ile 840. Kwa anayefanya kazi nyumbani, hapo ndipo sola inalipa. Kwa asiye na kazi ya usiku, pengine taa mbili za kuchaji na betri ndogo ya Wi-Fi zinamtosha, na pesa nyingine iende kwa karo.

Hatua ya 5: Kulipa bila kuliwa

Kenya, sola na malipo ya simu vimekua pamoja. M-Pesa ilianza Machi 2007, na kufikia 2012 kampuni kama M-KOPA zilikuwa zinauza sola ya kulipa kidogo kidogo kila siku kwa simu. Njia hiyo imewasha nyumba nyingi. Lakini ina maswali yake.

*Ukilipa pole pole*, jumlisha kabla ya kukubali. Mfano: malipo ya kwanza shilingi 3,000, kisha 60 kila siku kwa siku 500. 60 mara 500 ni 30,000, ongeza 3,000, jumla 33,000. Kama kitu hichohicho ni 24,000 ukilipa mara moja, basi unalipa 9,000 kwa kupewa muda. Si vibaya, mradi unajua. Kisha uliza:

- Nikikosa siku kumi, kifaa kinazimwa? Siku hizo zinaongezwa mwisho, au kuna faini?
- Nikitaka kumaliza deni mapema, napunguziwa?
- Nikishindwa kabisa, kifaa kinachukuliwa? Jina langu linapelekwa CRB?
- Betri ikiharibika kabla sijamaliza kulipa, naendelea kulipa?

Majibu yawe kwenye mkataba. Kama unaweza kungoja, chama au Sacco inaweza kukutoa kwa gharama ndogo zaidi. Haba na haba hujaza kibaba, na bei ya pesa taslimu inakupa nguvu ya kubishana.

*Ukilipa mara moja*, shika haya:

1. Lipa kwa till au paybill ya duka, na soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba yako ya siri. Liwe jina la duka hilo, si la mtu usiyemjua.
2. Muuzaji akisema "tuma kwa laini yangu tukwepe makato", kataa. Kesho akikana, wewe utaonekana ulimtumia rafiki pesa.
3. Ukiona tangazo mtandaoni la sola ya bei ya kutupa, na wanataka pesa "ya usafiri" kabla hujaona mzigo, simama hapo. Pesa ikiingia kwa laini ya tapeli inaweza kutolewa kwa wakala kwa dakika chache, na kuirudisha ni kazi ngumu.
4. Gawanya malipo. Vifaa vilipwe vikishapimwa mbele yako. Fundi apewe sehemu akimaliza kufunga, na iliyobaki baada ya usiku wa kwanza kupita na taa zikiwaka hadi asubuhi.
5. Chukua risiti ya eTIMS yenye namba za siri za kiwandani za betri na inverta. Piga picha risiti, kadi ya waranti na ujumbe wa malipo, ujitumie mwenyewe. Karatasi inafifia, simu inaibwa, lakini nakala mbili hazipotei siku moja.
6. Hakuna mtu, hata akijiita mfanyakazi wetu, anayehitaji namba yako ya siri ili "kukamilisha malipo ya sola". Hakuna.

Zoezi la leo

Usinunue chochote wiki hii. Chukua karatasi, andika vifaa vyako, wati na saa. Jumlisha, zidisha kwa 1.3, gawanya kwa 4, upate wati za paneli. Tenga ya usiku, zidisha kwa 1.3, gawanya kwa 0.8 kwa lithiamu au 0.5 kwa asidi, upate wati-saa za betri. Halafu enda maduka matatu na karatasi hiyo, na uwaulize wote swali moja: "Kwa matumizi haya, mnanipa nini na waranti ya muda gani?"

Utaona kitu. Yule muuzaji aliyezoea kuuliza "una pesa ngapi?" ataanza kukuuliza "hii cherehani ni wati ngapi?" Hapo ujue umeingia dukani ukiwa mnunuzi anayejua anachotaka. Na jioni ile stima ikipotea tena Kabiria, utasikia mtaa mzima ukisema "aaah!" kwa pamoja, na cherehani moja ikiendelea kunguruma.